Milango Mitatu ya Ghala la Debian

Tarehe 11 Desemba 1995 mradi wa Debian na kampuni ya InfoMagic, ambayo biashara yake ilikuwa kuuza sahani za CD zenye programu, walitoa tangazo la pamoja lisilokuwa na fahari kwa upande wowote. Katika mkoba wa sahani tano uliotoka Novemba ya mwaka ule, kampuni ilikuwa imeweka kazi iliyoitwa Debian 1.0, na wanunuzi, ambao walikuwa na haki ya kuyaamini maandishi ya jalada, waliichukua wakidhani wamepata toleo kamili. Kumbe yaliyomo yalikuwa kazi ingali mikononi mwa mafundi, sehemu yake imekwisha kuhamishiwa kwenye muundo mpya wa faili ulioitwa ELF na sehemu haijahamishwa, na yamkini kompyuta iliyowekewa isingeweza hata kuwaka sawasawa. Toleo la 1.0 likazikwa kabla ya kuzaliwa. Ili namba ile isije ikawapoteza watu mara ya pili, toleo kamili lilipokuwa tayari, Juni 1996, liliitwa 1.1, nalo lilikuwa na vifurushi 474.

Kosa halikutokana na nia mbaya. Mafundi wa Debian, walioenea katika nchi mbalimbali na kujuana kwa maandishi tu, walikuwa wakiiweka kazi yao isiyokwisha mahali pa wazi katika mtandao, chini ya namba ya toleo lililotarajiwa. Basi mpita njia akiiona namba alidhani ni ahadi iliyokwisha kutimizwa. Dawa waliyoiona ni kuyapa matoleo majina badala ya namba mpaka siku ya kutolewa. Bruce Perens, aliyekuja kuuongoza mradi mwaka 1996, alikuwa akifanya kazi Pixar, studio iliyotengeneza filamu ya Toy Story, na majina yakatwaliwa humo: Buzz, Rex, Bo, Hamm, Slink, Potato, Woody, na mengine mpaka leo. Katika filamu ile yumo mtoto wa jirani aitwaye Sid, ambaye starehe yake ni kuvunja vitu vya kuchezea na kuviunga upya kwa sura za kutisha. Jina lake ndilo lililopewa tawi la ghala ambalo halitolewi kamwe kama toleo, tawi lisilotulia, ambamo kila kipya huingia kwanza. Matoleo mengine huja na kupita, lakini Sid hubaki Sid.

Msomaji ambaye kazi hii si yake huenda akauliza ghala hili ni la nini. Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alipoutangaza mradi wake tarehe 16 Agosti 1993, na kuupa jina lililofungamanisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe, kiini cha Linux kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na waliotaka kukitumia iliwapasa ama kuwategemea wachache waliokusanya programu kwa haraka na kwa uzembe, ama kuitafuta kila programu kwa mwenyewe, kuifasiri kwa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na kuomba Mungu kwamba zilizokusanywa zipatane. Murdock alitaka kila programu iwe na mtunzaji anayejulikana kwa jina, atakayeipokea kutoka kwa mwandishi wake wa asili, aifunge kama kifurushi chenye maelezo ya vyote inavyovitegemea, na kuiweka mahali pamoja na nyingine zilizofungwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa maana hii ghala si chumba cha kurundikia mali, bali ni amana. Anayekichukua kifurushi humo hana nafasi ya kuichunguza kazi ya mwandishi asiyemjua. Anaiamini mikono iliyokipokea kabla yake.

Na amana hiyo iliwadai watunzaji mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Yuko mtunza sava, ambaye programu aliyoiweka leo anataka aikute vile vile mwaka ujao, maana juu yake wamekaa watu wasiojua hata jina lake: benki, hospitali, chuo. Yuko pia fundi wa programu, ambaye vyombo vyake vya kazi ni kompaila, kihariri, chombo cha kusakia kasoro, na maktaba za msimbo ulioandikwa na wengine, naye akikosa toleo jipya la chombo kimoja kati ya hivyo hawezi hata kuisoma kazi iliyoandikwa mwezi uliopita na mwenzake wa mbali. Kila mmoja ana haki yake. Tena aghalabu wawili hao ni mtu mmoja: asubuhi anaunda programu kwa kompaila aliyotamani iwe ya jana, na jioni anaipeleka programu ile ile kwenye sava anayotamani isiguswe miaka mitano.

Kati ya vyombo vyote, kompaila ndiyo yenye mashaka makubwa, na sababu yake yafaa ielezwe polepole. Kihariri kikibadilika, anayesumbuka ni mwenye kukitumia. Kompaila ni kitu kingine. Ni kama kipimo cha fundi seremala. Tuseme mji mzima unachonga milango na miimo kwa dhiraa moja, karakana hii ikichonga mbao za mlango na ile ikichonga miimo, na kila kitu kinakaa mahali pake bila ya mafundi kuonana; kisha siku moja ikaletwa dhiraa iliyo bora kuliko ya kwanza, ila imezidi kwa upana wa ukucha. Mlango uliochongwa kwa dhiraa mpya hautaingia katika miimo ya dhiraa ya zamani, ijapokuwa kila kimoja peke yake hakina ila. Ndivyo ilivyokuwa kwa lugha ya C++ katika kompaila ya GCC. Toleo la 3.2, lililotoka Agosti 2002, lilibadili namna programu iliyokwisha kufasiriwa inavyozipanga data zake na kuyaandika majina ya vipande vyake, na kwa hiyo maktaba iliyofasiriwa kwa kompaila ya zamani haikuweza kuungana na programu iliyofasiriwa kwa mpya. Ghala lenye maelfu ya vifurushi likitaka kupokea kompaila ile, sharti kila kilichoandikwa kwa C++ kifasiriwe upya, kwa utaratibu, kilicho chini kwanza na kilicho juu baadaye.

Alama za kazi ile zilionekana katika majina. Kila maktaba ya C++ iliyofasiriwa upya katika Debian wakati ule iliongezewa mkia wa herufi na tarakimu, c102, ili ya zamani na ya mpya zisichanganywe. Ilipokuja GCC 4.0 kipimo kikabadilika tena, na mkia ukawa c2. Na mwaka 2015, ilipopokelewa GCC 5, vifurushi kwa mamia vikapewa mkia wa v5, ambao wengi wanaendelea kuuona katika orodha za kompyuta zao bila ya kujua ni kumbukumbu ya nini. Kwangu mimi mikia ile ni kama tarehe zilizochongwa juu ya milango ya nyumba za mawe za pwani, ambazo hazimwambii mpita njia jina la fundi, ila humwambia kuwa mwaka ule watu walifanya kazi hapa.

Turudi nyuma kidogo. Hapo mwanzo ghala lilikuwa na milango miwili tu, wa tawi thabiti na wa lile lisilotulia. Ilipoonekana kuwa wakati wa toleo umefika, lile lisilotulia lilinakiliwa kama lilivyo, nakala ikagandishwa, na mafundi wote wakaingia kuziondoa kasoro mpaka nakala ifae kuitwa thabiti. Njia hii ilikuwa na udhaifu uliozidi kila ghala lilipokua: siku ya kugandisha, kila kosa lililoingizwa na kila mkono katika miezi iliyotangulia lilikuwa limo ndani, na usafishaji uliokuwa wa muda mfupi katika siku za vifurushi 474 ukawa wa miezi mingi katika siku za vifurushi elfu kadhaa. Wakati huo wote kazi mpya ilikuwa ikingoja nje.

Mwishoni mwa mwaka 2000 Anthony Towns, fundi wa Australia, alifungua mlango wa tatu katikati ya ile miwili, nao ukaitwa tawi la majaribio. Hakuna kifurushi kinachowekwa humo kwa mkono wa mtunzaji. Mtunzaji hukiweka katika Sid, na programu iliyoandikwa kwa kazi hiyo hukipima kila siku: je, kimekaa Sid siku kumi, au tano ikiwa mtunzaji ametaja haraka ya kadiri, au mbili ikiwa haraka ni kubwa? Je, hakina kasoro nzito ambayo kile kilichomo hakina? Je, kimefasiriwa kwa kila aina ya kompyuta ambayo ghala huihudumia, ambazo katika toleo la Woody zilikuwa 11? Je, vyote kinavyovitegemea vimo tayari, au vinaweza kuingia pamoja nacho kwa mkupuo mmoja bila ya kuvunja vilivyomo? Vikitimia, hupita, pakikosekana kimoja, hungoja. Hikima ya kanuni hii ni kwamba haikumtaka mtu yeyote aapie ubora wa kazi yake. Iliwafanya wale wenye moyo wa kuishi na Sid, ambao kompyuta zao zilivunjika ili za wengine zisivunjike, wawe ndio wakaguzi, na siku kumi za ukimya wao zikawa ndiyo cheti. Siku hizi vipimo vya mashine vimeongezwa, na kifurushi kinachovishinda hufupishiwa muda, lakini msingi ni ule ule.

Wengi walitaraji kwamba mlango wa tatu ungeleta matoleo ya mara kwa mara. Haikuwa hivyo. Woody ilitoka tarehe 19 Julai 2002, na iliyoifuata, Sarge, haikutoka mpaka tarehe 6 Juni 2005. Katika karibu miaka mitatu ile aliyekaa katika tawi thabiti kwenye kompyuta za kawaida alikuwa na GCC ya nasaba ya 2.95, iliyozaliwa Julai 1999. Wakati huo huo waandishi wa kompaila walikuwa wamekwisha kutoa 3.2, 3.3, 3.4 na, Aprili 2005, 4.0. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mafundi wa programu waliumia kweli: wengi walihamia Sid si kwa kupenda hatari bali kwa kukosa chombo, wengine wakaanza kuchukua vifurushi kwa watu binafsi waliovifunga majumbani mwao, nje ya kanuni za ghala na nje ya dhamana yake. Naona hasara kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa hiyo ya pili. Ghala likichelewa kupita kiasi watu hawabaki na vya zamani kwa utii; wanatafuta mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma hauna bawabu.

Kwa insafu, yatajwe pia ya waliofanya haraka. Mwaka 2000 kampuni ya Red Hat, msambazaji mwingine wa Linux, katika toleo lake la 7.0, iliona kuwa kompaila ya 2.95 haikidhi mahitaji yake na ile mpya iliyoahidiwa haijawa tayari, ikachukua kazi isiyokwisha ya waandishi wa GCC, ikaitengeneza kwa nguvu zake na kuitoa kwa namba 2.96. Tarehe 6 Oktoba ya mwaka ule kamati inayosimamia GCC ilitangaza kuwa haikutoa kamwe toleo la namba hiyo, na kwamba programu za C++ zilizofasiriwa nalo hazitapatana na za 2.95 wala na za 3.0 itakayokuja. Waliokuwa na mafundi wengi waliyamudu hayo. Waliokuwa wadogo walipoteza siku nyingi wakiitafuta kasoro katika msimbo wao ilhali kasoro ilikuwa katika kipimo. Kisa cha InfoMagic kilirudi kwa sura nyingine: namba iliyotangulia kazi.

Mwaka 2004 akatokea Mark Shuttleworth, mwana wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwa mwenyewe miongoni mwa watunzaji wa Debian, na mfumo wake uliojengwa juu ya ghala la Debian, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba mwaka huo, ukaitwa Ubuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo. Ni utu wetu katika lugha za ndugu zetu wa kusini. Alilolileta Shuttleworth ni kalenda. Debian ilisema toleo litatoka litakapokuwa tayari; Ubuntu ilisema litatoka Aprili na Oktoba, na kisichokuwa tayari kitangoje gari la pili. Vifurushi vilichukuliwa katika Sid mwanzoni mwa kila nusu mwaka, vikagandishwa, vikasafishwa, vikatolewa. Sahani zilipelekwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani, mpaka mwaka 2011, na jambo hilo halikuwa dogo kwetu wa Afrika Mashariki, ambao kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009 tulitegemea satelaiti, na kuchota ghala zima kwa mtandao wa namna ile kulikuwa ni kama kujaza birika kwa kijiko. Kwa mtu wa hali hiyo, suala la masasisho ya mara kwa mara lina maana nyingine kabisa: kila upya una nauli yake.

Lakini hata kalenda ilifundishwa subira. Toleo la Ubuntu lililokusudiwa Aprili 2006, ambalo lilikuwa la kwanza kuahidiwa matunzo ya muda mrefu, miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa sava, liliahirishwa kwa wiki sita na kutolewa Juni, na namba yake, 6.06, inaendelea kuushuhudia uamuzi ule katikati ya jamaa zake wote wanaoishia kwa 04 na 10. Debian nayo ilijifunza kwa mwanafunzi wake: ikakubali kupanga wakati wa kugandisha mapema, na tangu Sarge matoleo yake yote yameangukia miaka ya witiri, 2007, 2009, 2011, na kuendelea mpaka 2025.

Hata hivyo miaka miwili ni mingi kwa mwenye kuhitaji chombo leo, na hapo ndipo ulipozuka ustadi ambao mimi huuona mzuri kuliko yote katika historia hii. Baadhi ya mafundi walianza kuvichukua vifurushi vipya kutoka tawi la majaribio na kuvifasiri tena juu ya maktaba za tawi thabiti, ili mwenye kompyuta tulivu apate chombo kimoja kipya bila ya kuing'oa nyumba nzima. Kazi hiyo ilikaa miaka kadhaa nje ya ghala rasmi mpaka Septemba 2010, ilipokaribishwa ndani. Kanuni yake ni ya adabu: kifurushi lazima kiwe kimekwisha kupita majaribio, na hakiingii katika kompyuta ya mtu ila amekiomba kwa jina lake. Anayetaka kihariri kipya hupata kihariri kipya, na vilivyobaki hukaa kimya.

Red Hat, ambayo toleo lake la makampuni hutunzwa miaka 10, ilikabili shida ile ile kwa njia nyingine. Toleo lake la 6, la mwaka 2010, lilikuwa na GCC 4.4, nalo lilipasa kubaki nayo maisha yake yote. Mwaka 2012 kampuni ilitoa mkoba wa vyombo vya mafundi uliokuwa na GCC 4.7, uliowekwa kando, katika jalada lake lenyewe, usiogusa kompaila ya mfumo. Fundi aliuingia kwa amri moja na kutoka kwa kuufunga. Hila yake ilikuwa ndani zaidi: vile vipande vya maktaba ya C++ ambavyo mfumo wa zamani haukuwa navyo, kompaila ilivishona ndani ya programu yenyewe, hata programu iliyoundwa kwa chombo kipya ikaweza kwenda kukaa katika sava ya zamani bila ya sava kujua. Dhiraa mpya, miimo ya zamani, na mlango ukaingia.

Yote haya huonekana kwa mtazamaji kama juhudi za upande wa upya, na upande wa uthabiti hudhaniwa kuwa ni kukaa tu. Dhana hiyo inaniumiza, maana inawadhulumu watu. Kasoro ya usalama ikipatikana leo katika programu ambayo mwandishi wake amekwisha kutoa matoleo kumi tangu ile iliyomo katika tawi thabiti, mwandishi huitengeneza katika toleo lake la mwisho na kuendelea na safari. Mtunzaji wa ghala ndiye anayekaa usiku na msimbo wa miaka mitatu nyuma, akakitafutia kiraka kile mahali pake katika maandishi yaliyokwisha kubadilika sura, akakikata, akakishona, akahakikisha hakuna kingine kilichosogea. Asubuhi mwenye sava hupokea kifurushi ambacho namba yake imeongezeka kwa tarakimu ndogo ya mwisho, na husema kwamba hakuna kilichobadilika. Na ni kweli, hakuna kilichobadilika, kwa sababu mtu alifanya kazi.

Lugha changa zimeizidisha kazi hiyo. Rust, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2015, hutoa kompaila mpya kila wiki sita, na kivinjari cha Firefox, ambacho sehemu zake huandikwa kwa lugha hiyo, hudai kompaila isiyokuwamo katika tawi thabiti. Kivinjari hakiwezi kuachwa kizeeke, maana ndicho kinachokutana na kila mwovu wa mtandaoni. Kompaila nayo haiwezi kubadilishwa, maana wengine wameitegemea. Debian ikaamua kuweka kompaila mbili za Rust ndani ya toleo moja, ya kawaida isiyoguswa, na nyingine yenye jina lake mbali, rustc-mozilla, kwa ajili ya kukifasiri kivinjari. Si suluhisho la kupendeza macho, lakini ni la kweli.

Yapo matukio mawili ambayo mwenye kuiandika historia hii hana ruhusa ya kuyapita kwa haraka. Mwaka 2006 mtunzaji wa maktaba ya OpenSSL katika Debian alisumbuliwa na malalamiko ya Valgrind, chombo ambacho mafundi hukitumia kukagua matumizi ya kumbukumbu ya programu. Valgrind ililalamika kuwa mistari miwili ya msimbo inasoma kumbukumbu isiyotayarishwa. Mtunzaji aliuliza kwanza, majibu aliyoyapata hayakumzuia, naye akaizima mistari yote miwili. Mmoja haukuwa na maana kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza karibu nasibu yote inayotumika kutengeneza funguo za siri. Kifurushi kiliingia Sid tarehe 17 Septemba 2006, kikakaa siku zake, kikapita majaribio bila ya pingamizi, kikaingia katika toleo la Etch la Aprili 2007, kwa sababu programu ilifanya kazi vizuri kabisa na hakuna aliyeona kitu. Tarehe 13 Mei 2008, baada ya Luciano Bello kuligundua kosa, dunia iliarifiwa kwamba funguo zilizotengenezwa katika muda wote ule zilitokana na namba zisizozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ambayo kompyuta huimaliza kuihesabu kwa muda mfupi. Walionusurika ni wale waliokuwa wamebaki na Sarge, toleo lile lililolaaniwa kwa kuchelewa. Milango mitatu haikulizuia kosa lililokuwa kimya. Ukimya wa siku kumi ni cheti kwa makosa yenye sauti peke yake.

Tukio la pili ni la Machi 2024. Andres Freund, fundi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kazi yake katika kompyuta yenye Sid, akaona kuwa kuingia kwa SSH, njia ya kufikia kompyuta ya mbali, ambako kulichukua kiasi cha sehemu tatu za kumi za sekunde, sasa kunachukua nane. Nusu ya sekunde ni kitu ambacho watu elfu wangekipita. Yeye alikumbuka kuwa wiki chache kabla ya hapo, baada ya vifurushi kusasishwa, Valgrind ile ile ilikuwa imetoa lalamiko lisiloeleweka, naye hakulizima. Alilifuata mpaka akafika katika xz, chombo cha kubania faili, ambacho vifurushi vya Debian vyenyewe hufungwa kwacho. Ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya Februari na Machi mwaka huo, mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameshiriki katika kazi ya mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, alikuwa amefukia mlango wa siri uliokusudiwa kumfungulia mwenyewe sava za watu. Uliamka pale tu maktaba ilipokuwa ikifungwa kama kifurushi cha ghala, na uliifikia SSH kwa sababu Debian na wengine walikuwa wameishonea SSH kiraka chao wenyewe cha kuipatanisha na systemd, programu inayoziwasha na kuzisimamia huduma za mfumo. Ulikuwa umekwisha kuingia Sid, na umekwisha kuvuka hadi majaribio. Freund alitangaza tarehe 29 Machi. Tawi thabiti, Bookworm, lilikuwa na xz 5.4.1, na halikuguswa.

Siku hizo hizo watunzaji waliirudisha xz ya zamani katika Sid. Lakini ghala halina njia ya kurudi nyuma: kompyuta zote duniani zinazolitegemea hupokea kifurushi chenye namba kubwa kuliko ile zilizonayo, na chenye namba ndogo hukikataa. Ikabidi namba yenyewe iseme yote mawili, na kifurushi kikatoka kwa jina la 5.6.1+really5.4.5-1, neno la katikati likiwa ni Kiingereza cha kwamba yaliyomo hasa ni 5.4.5. Sasisho dogo la tawi thabiti, la 12.6, lililopangwa tarehe 6 Aprili, likaahirishwa ili mafundi wakague kwanza, nalo lilitoka tarehe 29 Juni.